Kumpeleka Mzee Lami Nyumbani

Kwako Baba yangu mpenzi,

Shikamoo, Baba. Naomba barua hii ikukute mzima, umekaa kwenye kiti chako cha mlangoni, na miwani umeipata bila kuipindulia nyumba nzima. Goti linaendeleaje? Mdogo wangu ameniambia kwamba unakwenda zahanati kwa miguu kwa sababu hutaki kuendeshwa na mtu, eti madereva wa siku hizi wanakanyaga breki kama wanaua nyoka. Nilicheka peke yangu. Lakini tafadhali, Baba, panda gari. Funga macho kama breki zinakuudhi.

Mimi mwili ni mzima, namshukuru Mungu. Habari za moyo nitakueleza humu humu.

Utajiuliza kwa nini nimeandika badala ya kupiga simu. Sikio lako la kushoto limeanza kukukimbia, na mambo haya siwezi kuyasema kwa kupayuka. Tena kila nikipiga, mdogo wangu ndiye anayepokea, na mwanangu yuko pembeni yake anavuta simu. Haya nataka uyasome wewe kwanza, peke yako, halafu uamue mwenyewe nani aambiwe nini.

Katika barua yako ya mwisho uliuliza swali moja mara mbili, juu ya ukurasa na chini ya ukurasa: Mzee Lami ananikumbuka? Sikuchelewa kukujibu kwa uvivu. Nilikuwa natafuta namna ya kulijibu.

Wewe ndiye uliyenipa anwani yake siku naondoka. Uliitoa kwenye pochi ya leseni, ukaniambia kwamba mtu uliyemwendesha miaka ishirini na miwili, tangu barabara kuu ya mji wetu ikiwa vumbi tupu mpaka ikawa lami, hawezi kumfungia mlango mtoto wako. Wakubwa walimwita Mhandisi. Sisi watoto tulimwita Mzee Lami, na jina likamganda mpaka ofisini kwake. Uliniambia nifike nchini kwao, nimtafute, nimwambie mimi ni binti wa Dereva, na mambo yangu yatanyooka.

Basi nilifika, Baba. Mlango ulifunguliwa na binti yake, yule aliyekuwa akicheza na sisi kwenye bustani yao mpaka alipopelekwa shule huku kwao. Nilipomtajia mji wetu alinishika mikono yote miwili akaanza kulia. Akanieleza kwamba baba yake yuko kwenye nyumba ya kutunzia wazee na kumbukumbu zimemtoka. Kwanza yalipotea majina ya watu, kisha akasahau kwamba mkewe alishafariki, na mwisho ikamtoka hata lugha yake mwenyewe. Wauguzi walidhani anabwabwaja tu. Ni yeye binti aliyeyatambua maneno mawili matatu ya utotoni, akajua kwamba baba yake anaongea Kiswahili. Akaniomba nikamsikilize.

Chumba chake kilikuwa cha mwisho kwenye ukumbi mrefu unaonuka sabuni na uji. Kitanda chenye vyuma pembeni, kabati, kiti cha kuegemea, na dirisha linaloangalia maegesho ya magari. Nilisimama mlangoni nikatoa shikamoo. Mzee aliniangalia, akakunja uso, akasema: "Geti! Fungua geti!" Nilitazama huku na huku, geti hakuna. Nikaenda nikafungua pazia. Akaridhika kabisa, akalala. Binti yake akaniuliza amesema nini, nikamwambia anaomba mwanga.

Hivyo ndivyo nilivyopata kazi. Binti na mkurugenzi wa nyumba ile waliniombea kibali, na kibali kikaandikwa wazi kwamba niko nchini kumhudumia mgonjwa huyu kwa sababu ya lugha. Jina lake liliandikwa juu ya langu. Mradi yeye yupo, nami nipo. Na kama ningefika mwakani katika kazi hiyo, sheria ingeniruhusu kumleta mwanangu. Hilo unalijua, maana mjukuu wako ameshamgawia rafiki yake viatu vya shule akisema huku atanunuliwa vingine.

Niseme kidogo kuhusu mahali penyewe, maana hukuwahi kuniuliza na mimi sikuwahi kusema. Sisi tunaoosha wazee, tunaowalisha na kuwageuza kitandani, karibu wote tumetoka nje, kila mtu na kwao. Lakini hata mkurugenzi si wa hapa. Amekuja na mkataba, amepewa nyumba, na lugha ya hapa anaivunjavunja kuliko mimi. Akikosea neno mezani, wanacheka naye na kumsaidia. Mimi nikikosea, wananipandishia sauti, kana kwamba tatizo ni masikio. Mimi nililazimika kwenda darasani jioni na kufanya mtihani wa lugha, na nisingefaulu nisingepewa kibali. Yeye walimsamehe mtihani kwa sababu ana kazi nyingi. Kwenye karatasi zake anaitwa mtaalamu kutoka nje. Kwenye zangu naitwa mhamiaji. Sote tulishuka kwenye ndege, Baba, na mpaka leo sijui ni wapi kati ya ngazi ya ndege na meza ya kwanza tulipotenganishwa. Si mtu mbaya, ananisalimia vizuri. Ila siku moja aliniuliza nimewezaje kuiacha nchi yangu, na aliniuliza kwa huruma ya kweli, bila kukumbuka kwamba yeye naye ameiacha ya kwake.

Sasa nijibu swali lako. Uliniomba nisikufiche, nami sitakuficha.

Jina lako hakulijua, Baba. Nilimtajia mara nyingi, asubuhi akiwa ametulia, akaniangalia kama mtu anayesikia tangazo la kituo kisichomhusu. Neno alilokuwa nalo ni Dereva. Hilo aliliita akiamka, aliliita akiogopa, aliliita akitaka maji. Wewe siku zote ulitwambia kwamba mlikuwa marafiki. Mimi nilichokikuta kichwani mwake kilikuwa lugha ya kuagiza tu. Lete. Ondoa. Osha. Haraka. Subiri nje. Kesho saa moja. Ameishi kwetu miaka ishirini na miwili na hakujifunza hata sentensi moja ya kuuliza mtu habari za watoto wake. Wala hakuna aliyempa mtihani.

Nilikasirika. Kuna siku aliniambia "osha viatu" mara nyingi mpaka nikatoka, nikajifungia kwenye chumba cha mashuka, nikalia kwa hasira. Sikulia kwa ajili yangu. Nilikuwa naikumbuka ile suti yako moja uliyoipiga pasi kila asubuhi, na namna ulivyotutuliza tusipige kelele kwa sababu Mhandisi ana mgeni na wewe utachelewa kurudi.

Halafu siku moja nikamkuta amekaa ukingoni mwa kitanda, amevaa viatu, machozi yanamtoka. Alinishika mkono akasema, kwa kile Kiswahili chake: "Mimi hapa mgeni. Nyumbani twende." Nikamuuliza nyumbani wapi. Akanitajia tangi la maji, geti jekundu, na barabara inayopinda penye kituo cha mafuta. Baba, ilikuwa ile nyumba ya kampuni. Alikuwa nchini kwake, mtaa aliozaliwa uko upande wa pili wa mto, na analia kwamba yuko ugenini. Hasira yangu ilipungua siku ile. Haikuisha, lakini ilipungua.

Wakati huo alikuwa ameanza kukataa chakula. Daktari alisema akiendelea hivyo hatamaliza mwezi. Ndipo nikabuni kitu ambacho wenzangu walinicheka sana. Nilichukua kiti kingine nikakiweka mbele ya kiti chake, nikakaa nikiwa nimempa mgongo, nikashika sahani kama usukani. Nikakohoa kile kikohozi chako cha kuwashia gari. Nikamwambia tunakwenda nyumbani, Bwana. Akanyooka palepale, akavuta mkanda ambao haupo. Tukapita stesheni, tukazunguka ule mzunguko wenye saa mbovu, tukapita hospitali na soko la mbao. Nilimtajia kila tulichokiona. Kila tukifika kwenye kizuizi cha reli nilisimama, nikageuka, nikampa kijiko cha uji, kwa kuwa gari moshi linapita na hatuna haraka. Alikula. Kizuizi kile hakijawahi kufungwa mara nyingi namna ile. Nikikimbiza gari alisema "polepole", nikimpeleka njia isiyo yake alinigongea bega. Siku ambazo sikuwa na nguvu nilimwambia gari liko gereji, naye alikubali, lakini hakula.

Wenzangu wakaanza kuja kutazama. Mmoja akawa anapanda siti ya nyuma na kitambaa cha kumfutia mdomo, anateremka sokoni. Hata mkurugenzi alisimama mlangoni siku moja akatabasamu. Nami nitasema ukweli, Baba, nilijisikia vizuri kukaa kwenye kiti chako. Niliijua kazi yako kwa mara ya kwanza. Niliona jinsi mtu anavyoweza kumpeleka mwenzake kila siku miaka nenda rudi na asimwone zaidi ya kisogo.

Mwaka huu ulipoanza akashikwa na homa ya mapafu. Nililala kwenye kiti chake zaidi ya ilivyokuwa zamu yangu. Nilimwombea uzima kuliko nilivyowahi kumwombea mtu yeyote, na binti yake akiniona anasema hajawahi kuona upendo wa namna hiyo. Sikumsahihisha. Sikuwa namwombea yeye, nilikuwa nakiombea kibali. Kila alipokohoa nilimwona mwanangu bila viatu. Nakuambia hili kwa sababu wewe ndiye uliyenifundisha kuomba, na sitaki uendelee kudhani kwamba nilikuwa mwema kuliko nilivyokuwa.

Siku chache kabla hajatutoka alinyanyuka kidogo akataka safari. Si nyumbani safari hiyo, alitaka kilabuni kwao, pale walipokuwa wakikusanyika jioni wageni wote wa kampuni. Nikawasha gari, tukaenda, nikaegesha. Nikafanya kama ulivyokuwa ukifanya wewe, nikamwambia nitasubiri hapa hapa, Bwana. Wewe ulisema ulipenda kusubiri ndani ya gari kwa sababu ndani kwao palikuwa na kelele. Nasi tuliamini, ingawa ulikuwa ukirudi umelowa kwa mvua iliyopita kwenye kile kioo kibovu. Mzee akanigusa bega akasema: "Dereva. Hapana nje. Ingia ndani. Kaa. Kula." Nikageuka. Alikuwa anaangaza macho chumba kizima kama anayenitafutia kiti. Nikahamisha kiti changu nikakaa ubavuni kwake. Akausukuma uji wake kwangu.

Sijui kama alikuwa anakuambia wewe, Baba. Nimelifikiria sana. Alikuwa na maneno ya kuagiza tu, na ni kwa hayo hayo alinikaribisha. Kama neno hilo ni lako, nimekuletea. Kama si lako, basi nisamehe.

Alifariki alasiri moja, mimi nikiwa nakunja mashuka.

Hapa sasa ndipo mambo yangu yalipoharibika. Kibali kilisema kazi ikiisha niripoti ofisi ya wageni mara moja, na muda walioweka ulikuwa mfupi. Nilijua. Lakini binti yake alinililia nisimwache, hana ndugu, nyumba imejaa vitu vya baba yake, nguo hajui azipeleke wapi. Aliniambia nisihangaike na mambo ya karatasi, mimi ni mtu wa nyumbani, tutakwenda pamoja mambo yakitulia. Na mimi, Baba, nililelewa na wewe. Hatuondoki kwenye nyumba ya msiba vyombo havijaoshwa na mfiwa hajala. Nikabaki. Nikapika, nikafua, nikapanga nguo za marehemu, nikakaa naye mpaka alipoweza kulala peke yake. Yeye hajawahi maishani mwake kuhesabiwa siku. Hakuwa ananidanganya, hakujua tu. Mimi niliyejua nikaona haya kumwambia katikati ya kilio chake kwamba nataka kwenda kugongewa muhuri.

Mazishini walimsifu sana. Msemaji mmoja alieleza kwamba marehemu aliwatumikia watu wa mbali kwa miaka ishirini na miwili, na kwamba walimpenda mpaka akawa mmoja wao. Nilisimama nyuma nikabeba makoti ya watu.

Tulipokwenda ofisini nilikuwa nimeshapitisha muda. Karani hakuwa mkali. Alinikalisha, akasoma skrini yake, akasema aliyeandikwa kwenye kibali hayupo, kwa hiyo kibali hakipo, na mimi nipo. Binti wa Mzee Lami alishangaa kwa sauti. Alisema ni siku chache tu, alisema kosa ni lake, alisema mimi si mhamiaji, ni familia. Karani akamjibu kwa adabu kwamba hakuna kisanduku cha familia cha namna hiyo.

Pale kwenye benchi nilikikumbuka kile kisa chako, ulichokuwa ukituchekesha nacho wakati wa kula. Siku uliyogundua kwamba kibali cha Mzee Lami kimelala kwenye droo, kimepitwa na muda karibu mwaka mzima. Ukampeleka uhamiaji ukiwa unatetemeka wewe, si yeye. Mkubwa wa pale akatoka mwenyewe, akawakaribisha chai, akaomba radhi kwa usumbufu, na muhuri ukapigwa kabla kikombe hakijaisha. Ulipenda kuigiza namna mkubwa yule alivyokimbilia sukari. Tulicheka mpaka tukapaliwa. Nimejaribu kukicheka tena kisa hicho, Baba, kimekataa.

Kwa kifupi, tulikata rufaa, ikakataliwa. Sasa hivi siko kwenye chumba changu. Niko kwenye jengo la kusubiria kurudishwa, tuko wanawake sita, tunalala vizuri na tunakula, usiogope. Simu wameihifadhi. Binti wa Mzee Lami anaruhusiwa kunitembelea, na barua hii ataituma kwa njia ya haraka ili ikutangulie. Jana alinifariji kwamba angalau mimi ninarudi nyumbani, wakati baba yake alitamani kwenda huko huko akafa hajafika. Alisema kwa wema kabisa. Nilimshukuru.

Nitafika Ijumaa ya wiki ijayo, kwa ndege ya asubuhi, nikisindikizwa na askari wawili.

Baba, uwanja wa ndege unaujua kuliko hata wanaofanya kazi pale. Miaka yote umesimama kwenye mlango mkubwa, suti imenyooka, umeshika kibao chenye jina la mtaalamu mpya. Na ni wewe uliyetueleza habari za mlango mwingine, wa pembeni, karibu na mizigo, wanakotokea watu waliorudishwa. Ulisema wanatoka mmoja mmoja na mfuko mkononi, huku kila mmoja akitiwa sahihi kama furushi. Ulisema ulikuwa ukiwaona unageuza uso, unajifanya unafuta kioo cha gari, ili usiwaongezee aibu. Ulitufundisha kwamba huo ndio utu, nasi tukaushika.

Mimi nitatokea mlango huo.

Njoo peke yako. Mwanangu mwache shuleni, mdogo wangu asilete majirani, na mtu yeyote asipige vigelegele. Najua ulivyolelewa na najua mkono wako utakitafuta kitambaa wenyewe. Nakuomba, Baba, siku hiyo usifute kioo. Nitazame tangu mlango unapofunguka mpaka nikufikie.

Mdogo wangu msalimie sana, umwambie asinichukie kwa kumficha. Mjukuu wako mbusu, usimwambie kitu, nitamwambia mwenyewe. Majirani wasalimie kwa kiasi. Nawe upunguze chumvi, na Ijumaa goti likikataa, kubali kuendeshwa.

Ni mimi mwanao wa kwanza,
Binti wa Dereva